Barua kwa mwanangu: mgonjwa anaongea vizuri, mbona hamsomi mkewe?

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Umeniuliza kuhusu mgonjwa wenu wa kiharusi: kimempiga upande wa kulia wa ubongo, mkono wa kushoto umelegea, maneno anayatoa bila shida na tarehe ya leo anaijua. Lakini mkewe analia kwamba huyu si yule aliyemzoea. Akitaniwa anachukulia kweli, mkewe akinuna haoni, akipigwa kijembe anajibu kana kwamba ameulizwa swali. Unataka kujua ni kiburi au ni ugonjwa.

Kwa unavyomweleza, nadhani ni ugonjwa. Ila jibu hilo halikufikishi mbali, maana kumsoma mwenzako, yaani kutambua anawaza na kuhisi nini, si kazi moja. Ni kazi kadhaa, na kila moja inaweza kuharibika peke yake.

Nyuma kidogo na juu ya sikio, pale sehemu ya panja ya ubongo inapokutana na ile ya utosini, kuna eneo linalochangamka mtu anapowaza mwenzake anaamini nini. Watafiti Rebecca Saxe na Nancy Kanwisher walilionyesha mwaka 2003 kwa MRI, mashine inayopiga picha za ubongo. Liliitika kwa hadithi za mtu anayeamini jambo lisilo kweli kuliko kwa hadithi za picha ya zamani isiyolingana tena na hali ilivyo. Hadithi zote mbili zina kitu kilichopitwa na wakati, ila moja tu ina akili ya mtu ndani yake. Nyuma ya paji la uso, nusu mbili za ubongo zinapotazamana, kuna eneo la kupima tabia na hisia za watu, zako zikiwemo. Mfereji mrefu kwenye uso wa ubongo, unaopita juu ya sikio, husoma mwendo wa mwili na macho yanaelekea wapi. Ndani zaidi iko amigdala, sehemu ndogo ya ubongo iliyopo kila upande, nayo huyapeleka macho yetu penye habari. (Utakutana na watu wanaokwambia yote haya ni kazi ya seli za ubongo ziitwazo niuroni za kioo. Hizo ziligunduliwa kwa nyani huko Parma, Italia, na zinahusu vitendo, kama kushika kitu au kumwona mwingine akikishika. Kuamini ni jambo jingine.)

Sasa mpime. Mpe hadithi hii polepole, asubuhi akiwa hajachoka: Asha ameweka funguo kwenye droo, akatoka. Juma akazihamishia kwenye mkoba, Asha hakuona. Asha akirudi, atazitafuta wapi kwanza? Kisha uliza matatu mengine: funguo ziko wapi sasa, mwanzo zilikuwa wapi, na Juma alipozihamisha Asha alikuwepo? Akikosea moja ya haya matatu, usiandike kwamba hasomi akili za watu. Huenda hadithi yenyewe imempotea, ni kumbukumbu au umakini. Rudia kwa sentensi fupi zaidi.

Akiyapata yote matatu lakini akasema Asha atatafuta kwenye mkoba, bado hujamaliza. Inawezekana hawezi kabisa kuwaza imani ya mtu mwingine, au anaweza lakini anachokijua yeye kinamzidi nguvu. Mtafiti Dana Samson na wenzake walieleza mgonjwa wa namna hii ya pili mwaka 2005, aliyeumia upande wa kulia, sehemu ya mbele ikiwemo. Alipokuwa hajui ukweli, aliweza kufuata mawazo ya mwingine. Alipoujua, alishindwa kuuweka kando.

Kuzitenganisha hali hizo mbili, tumia vikombe viwili vinavyofanana, vimefunikwa, na sarafu moja ambayo mgonjwa hajaona imewekwa wapi. Nesi mwenzako achungulie vyote viwili, atoke. Wewe badilisha nafasi za vikombe mbele ya mgonjwa. Nesi akirudi, anyooshe kidole pale alipoiona sarafu. Muulize mgonjwa sarafu iko wapi. Anayefuata mawazo ya nesi atakumbuka kwamba nesi hakuona mkibadilisha, na atachagua kikombe kile kingine, si kilichonyooshewa kidole. Rudia mara kadhaa, na mara nyingine usibadilishe chochote, kwa sababu vikombe ni viwili tu na kubahatisha ni rahisi. Na vikombe usivipange kushoto na kulia! Wagonjwa wa upande huu mara nyingi husahau kushoto kwao. Weka kimoja karibu naye na kingine mbali kidogo nyuma ya hicho, vyote katikati mbele yake.

Sauti nayo ipime peke yake. Simama nyuma yake asione uso wako, useme "Wameshafika" kwa furaha, kwa hasira, kwa huzuni, kisha kawaida. Nusu ya kulia hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kutambua hisia kwenye sauti, kwa hiyo usishangae zote zikimfikia sawa. Sikiliza pia sauti yake mwenyewe. Ikiwa bapa, mkewe atadhani hana huruma kumbe huruma ipo, sauti ndiyo haiibebi.

Kwa uso, angalia macho yake yanatua wapi. Kuna mwanamke anayetajwa kwenye tafiti kama S.M., amigdala zake zote mbili zimeharibika, na hakuweza kutambua hofu usoni. Mwaka 2005 mtafiti Ralph Adolphs na wenzake walionyesha kuwa hakuwa akitazama macho ya watu. Alipoambiwa ayatazame, alitambua, lakini ilibidi aambiwe kila mara. Basi mkewe ajizoeze kusema "Nitazame machoni" kabla ya jambo zito, wala asitarajie kusema mara moja kutatosha.

Mkewe aache mafumbo kwa sasa. Aseme hisia na sababu yake kwa sentensi moja: "Nimeudhika kwa sababu umenikatiza mbele ya wageni." Kununa akisubiri aulizwe kunamuumiza yeye tu. Mgonjwa mwenyewe huenda hajui kwamba amebadilika, kwa hiyo kubishana naye hakusaidii. Mwombeni aulize "Unatania?" asipokuwa na uhakika.

Kabla ya yote hayo, hakikisha anasikia vizuri, ana miwani yake, dawa hazimpi usingizi, na hana sonona, ambayo ni ya kawaida baada ya kiharusi na huzima hamu ya watu.

Swali moja usiache kumuuliza mkewe: mabadiliko yalianza siku ya kiharusi, au kidogo kidogo miezi mingi kabla? Kama alikwisha kuwa mkali, asiyejali, anayekula sukari kupita kiasi, huenda kuna ugonjwa wa kusinyaa kwa ubongo wa mbele, ambao mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65. Huo unaendelea kuzidi, mpango wake ni tofauti kabisa, na daktari wa mishipa ya fahamu anapaswa kumwona mapema. Liandike jibu la mkewe kwenye faili kwa maneno yake mwenyewe.

Mama yako