Kabla Hujaiamini GPS Mawinguni, Jua Sindano Yako Inamsoma Nani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia. Amerudi kutoka Afrika Kusini na leseni ya urubani wa kibiashara pamoja na ruhusa ya kuruka kwa kusoma vyombo tu, bila kuona nje, na ameshapata kazi kwenye kampuni yenye Cessna 206 zilizofungwa Garmin GNS 430, mtambo wenye GPS na redio za kuongozea ndege ulioingia sokoni mwaka 1998. Swali lake ni hili: “Shikamoo Kapteni. Nina tableti yenye ramani zote na naiona ndege yangu ikitembea juu yake. Kuna haja gani ya kuhangaika na vitufe vya 430?”

Marahaba, mdogo wangu. Haja ipo, na kwa kuwa najua hauko peke yako, nakujibu hapa ili na wenzako wasome.

Tableti ni msaada mzuri. Inakuonyesha mlima uko wapi na inakupunguzia mzigo wa makaratasi. Lakini haijaidhinishwa kukuongoza kushuka mawinguni, haijaunganishwa na sindano iliyo mbele ya macho yako inayokuonyesha kama umetoka njiani, na ikipata joto la jua kwenye kioo cha mbele hujizima bila kukuaga. Ukishaingia kwenye wingu, cha kufuata ni kile kilichofungwa kwenye ndege na kuandikwa kwenye vitabu vyake.

Mimi nilijifunza enzi ambazo ndege ndogo ilikuwa na kipokezi kimoja cha VOR, kituo cha redio cha ardhini kinachoongoza ndege, na ADF, kipokezi cha redio ambacho mshale wake uliikimbilia radi badala ya kituo. Tulipiga hesabu kwa saa na kwa vidole. Kisha Mei 2000 Marekani ikaacha kuchafua kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na kosa la mita mia moja hivi likashuka hadi mita chache. Nilikuwa miongoni mwa waliokaa na kijitabu cha mtambo usiku kucha, wenzangu wakinicheka kwamba nasomea redio. Leo baadhi yao hunipigia simu kuniuliza kitufe gani kinafanya nini. Nasema hivi kwa fahari kwa sababu kazi ile niliifanya mwenyewe, bila mtu kunilipia.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Masika ya mwaka jana nilikuwa na mwanafunzi tukirudi kutoka Mafia. Dar es Salaam ilikuwa imefunikwa. Mwongozaji wa rada akatuzungusha hadi upande wa Pugu ili tuingie kwa ILS, mawimbi ya redio ya uwanjani yanayoonyesha mstari na mteremko wa kutua, ya njia ya kurukia namba 05. Kijana yule alikuwa na mikono mizuri: kasi imetulia, mwinuko hauyumbi, mvua inapiga kioo na yeye hatikisiki. Sindano ya wima ilikuwa imesimama katikati kabisa. Bendera nyekundu ya mteremko tu, ile inayoonya kwamba mshale wa mteremko haupati mawimbi, ndiyo ilikuwa bado haijaondoka.

“Mwalimu, nadhani mtambo wa mteremko wa uwanjani umezimwa.”

“Sindano yako inamsoma nani?”

Akainamisha macho hadi chini ya skrini ya 430, kona ya kushoto. Neno lililowaka pale kwa kijani lilikuwa GPS. Masafa ya ILS alikuwa ameyaweka sawasawa na ishara zake za Morse tulikuwa tumezisikia, ila sindano ilikuwa bado inakula kwa setilaiti. Akabonyeza kitufe cha CDI, kinachochagua sindano imsome nani, likatokea VLOC kwa rangi nyeupe, yaani sasa inasoma redio za ardhini, bendera ikaondoka, na mshale wa mteremko ukajitokeza chini kabisa ya kioo. Maana yake tulikuwa juu mno ya mteremko tuliotakiwa kuufuata. Tukakatisha, tukapanda, tukaomba kuzungushwa tena. Mara ya pili aliishusha kama mkongwe.

Mtambo wa uwanjani ulikuwa mzima, na setilaiti hazikuwa na tatizo. Hatari ilikuwa kwenye sindano iliyotulia vizuri huku ikimtii bwana mwingine. Kinyume chake ni kibaya zaidi: unafuata njia ya kushuka ya GPS na mtambo uko VLOC, sindano inasoma VOR uliyoisahau. Ndiyo maana kila ninayemfundisha namtaka aseme kwa sauti, kabla ya kila hatua, “GPS” au “VLOC”. Hata akiwa peke yake. Na aseme baada ya kutazama lile neno lenyewe. Kukumbuka kwamba alibonyeza hakutoshi.

Karibu na neno hilo kuna jingine ambalo vijana wengi hawalitazami: ENR (uko safarini), TERM (umekaribia uwanja) au APR (uko kwenye njia ya kushuka). Kwenye 430 ya zamani, sindano ikifika ukingoni ukiwa ENR umetoka njiani maili tano za baharini. Ukiingia ndani ya maili thelathini za uwanja inakuwa maili moja. Ukibakiza maili mbili kufika pointi ya kuanzia mshuko wa mwisho, inaanza kubana hadi sehemu tatu ya kumi ya maili, yaani kama mita 550. Kwa hiyo sindano kuwa katikati haina maana mpaka ujue inapima kwa kipimo gani. Kama umefika pointi hiyo na APR haijatokea, usishuke. Usibembeleze, usisubiri sekunde mbili zaidi. Panda.

Mara nyingi APR inagoma kwa sababu mtambo hauwezi kujikagua. Setilaiti nne zinatosha kukuambia uko wapi, lakini mtambo unahitaji ya tano ili ugundue kama mojawapo inadanganya, na ya sita ili uitoe ile mbovu na kuendelea. Ukaguzi huo ndio RAIM. Ukiona INTEG inawaka, mtambo unakwambia hauna wa kuuthibitishia. Kwenye kurasa za AUX unaweza kuuliza kabla hujawasha injini kama RAIM itakuwepo saa utakayofika. Wenzetu wa Marekani wana WAAS tangu 2003 na Ulaya wana EGNOS, mifumo inayosahihisha GPS na kuwapa hadi mteremko wa kushukia. Huduma hizo hazifiki kwetu. Sisi pia tuko karibu na ikweta, ambako tabaka la juu la hewa huchafuka baada ya jua kuzama, hasa miezi ya Machi na Aprili na ile ya Septemba na Oktoba, na mawimbi ya setilaiti hupepesa. Rubani wa hapa anayeingia jioni bila kuweka VOR tayari kwenye redio ya pili anacheza na roho za watu.

Nije kwenye linaloniuma. Data za mtambo zina muda wake: kila siku 28 unatoka mzunguko mpya, dunia nzima kwa tarehe ileile. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifanya kazi kwenye kampuni moja ambayo kadi yake ya data ilikuwa imepitwa na miezi. Nikasema siwezi kushuka kwa njia ya GPS na kadi hiyo, maana kijitabu cha nyongeza kilichomo ndani ya ndege kinakataza. Mkubwa wangu akanijibu mbele ya wapakiaji mizigo: “Kwani uwanja umehama?” Uwanja hauhami. Lakini utaratibu wa kushuka hubadilishwa, pointi huhamishwa majina, mnara mpya wa simu hujengwa na mwinuko wa chini kabisa hupandishwa. Nilikataa, na kuanzia wiki ile jina langu likaanza kupotea kwenye ratiba hadi nikaelewa. Sijasahau. Vijana, mtakutana na mkubwa kama huyo. Kataeni kwa adabu, kwa maandishi, na kataeni kweli.

Na kuna dhambi nyingine ambayo naiombea ikome: kujitengenezea njia ya kushukia. Rubani anaandika pointi zake mwenyewe za kiwanja cha porini, anajichorea mstari, kisha anashuka nao kwenye ukungu. Mara nyingi namba hizo zimetolewa kwenye ramani za zamani za Afrika Mashariki zilizopimwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati GPS inatumia WGS-84. Tofauti kati ya mifumo hiyo ni kama mita 300. Fikiria mita 300 kwenye bonde, au ukiwa chini ya mawingu yaliyougubika Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500 ulio jirani kabisa na uwanja wa Arusha. Njia iliyochapishwa imepimwa vikwazo na watu wa kazi hiyo. Yako umeipima na nani?

Kwa hiyo, mdogo wangu, fanya hivi. Garmin walitoa programu ya bure ya kujifunzia 430 kwenye kompyuta ya Windows. Itafute, ucheze nayo mpaka vidole vijue bila macho. Kisha omba umeme wa nje hangani uketi ndani ya ndege yenyewe, maana jinsi ilivyounganishwa na sindano na otopailoti hutofautiana ndege hadi ndege. Rudia zaidi sehemu ya kukatisha kutua. Ukipita pointi ya kukatisha kutua mtambo husimama na kuandika SUSP, yaani umesitisha kwenda pointi inayofuata, nao hautakupeleka popote hadi ubonyeze kitufe cha OBS. Wengi hubonyeza mapema, kabla ndege haijaanza kupanda. Kwanza nguvu, pua juu, flapu, magurudumu kama yanakunjwa; kitufe baadaye. Ukishaweza hayo, mwombe mkufunzi akuzimie mtambo mzima katikati ya njia bila kukutaarifu, umalizie kwa VOR.