Re: Tairi za misimu yote au za baridi kwa gari la michezo?
Mkuu, umeuliza kama tairi za misimu yote zitakutosha kwenye hilo gari lako linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kama theluji kwenu ni ya siku mbili tatu na siku hizo unaweza kuliacha ndani, zinatosha. Kama utaliendesha kila siku, chukua za baridi, tena bila kusita.

Angalia nyuzi 7 za Selsiasi. Chini ya hapo mpira wa tairi za kiangazi unakakamaa na kuanza kuteleza hata kwenye lami kavu. Za misimu yote zinajitahidi, ila kwenye barafu hazifui dafu mbele ya za baridi.

Tafuta seti ya pili ya rimu, ndogo kwa inchi moja, na tairi nyembamba kidogo: nyembamba hukata theluji, pana huelea juu yake. Jaribisha rimu kwanza isije ikagusa breki za mbele.

Na funga zote nne! Ukiweka mbili za nyuma tu, gari litaondoka vizuri, halafu kwenye kona pua inakwenda moja kwa moja. Ubavuni tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji. M+S (alama ya matope na theluji) peke yake haitoshi.