Barua kwa mwanangu: nusu iliyobaki

Newala

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, nikaisoma kwanza kwa sauti ili mama yako asikie, kisha nikairudia peke yangu. Unaniuliza kama kifaa cha umeme nilichowekewa mgongoni kiliyaondoa maumivu yangu, kwa kuwa daktari wako huko Dar es Salaam amekwambia kwamba huo mguu wako, ambao haujatulia tangu ulipopasuliwa mgongo, huenda ukafaa kutibiwa kwa kifaa cha namna hiyo. Swali lako linajibika kwa neno moja: hapana. Lakini hata wao wenye kuviweka hawaahidi kuyaondoa maumivu. Wanachokihesabu kuwa mafanikio ni maumivu kupungua kwa nusu au zaidi, na kwa hiyo nitakueleza namna mtu anavyoishi na nusu iliyobaki.

Ualimu haujanitoka, hivyo nivumilie kidogo. Betri huwekwa chini ya ngozi, yangu ikiwa juu ya tako, na kutoka hapo nyaya nyembamba hupandishwa hadi ndani ya uti wa mgongo, nje kidogo ya utando unaofunika neva kuu, zikitoa umeme mdogo unaovuruga taarifa za maumivu kabla hazijafika kwenye ubongo. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika kwamba mgongoni mna kitu kama mlango unaoweza kufungwa ili maumivu yasipite, na mwaka 1967 daktari wa Marekani, Norman Shealy, akamwekea mgonjwa kifaa cha kwanza. Usidhani kuwa wazo lenyewe ni geni, kwani tangu enzi za Warumi tabibu Scribonius Largus aliwatibu wenye maumivu ya kichwa na ya jongo kwa samaki wa jamii ya taa atoaye umeme. Marehemu baba yangu, aliyevua Mikindani ujana wake wote, angelielewa jambo hili upesi kuliko nilivyolielewa mimi.

Sasa kuhusu kuishi nacho. Mahali penye maumivu huja mtekenyo, kama ganzi inapoanza kutoka mguuni, ingawa kuna aina mpya zinazotumia umeme wa kasi kubwa zaidi ambazo mtu hausikii kabisa. Wangu nausikia. Nikilala chali unaongezeka, kwa sababu neva husogea karibu na nyaya, nami hupunguza kwa rimoti ambayo mama yako huificha mbali na wajukuu. Kifaa changu ni cha kuchajiwa: navaa mkanda wenye chaja juu ya mahali palipo na betri na kukaa nao wakati wa taarifa ya habari, na umeme wetu ukitaka kukatika hukatika wakati huo huo. Betri zisizochajiwa hazina usumbufu huo, lakini huisha mapema, na kubadilisha betri ni kupasuliwa tena, ilhali ya kuchajiwa inaweza kudumu miaka kumi na zaidi. Kadi ya kifaa hutembea nami kila niendako, kwa ajili ya mageti ya ukaguzi ya viwanja vya ndege na kwa ajili ya madaktari wasionijua, maana si kila kifaa kinaruhusu kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na ile tiba ya joto linalopenya ndani ya mwili ni mwiko kabisa. Haya yote yanazoeleka. Nimeyapitia haraka kwa sababu si hayo yaliyonichosha.

Kilichonichosha ni watu, nami husema siku zote kwamba maumivu hayana shahidi ila mwenyewe. Unakumbuka nilivyorudi kutoka India, nilikowekewa kifaa. Nilikuwa nimekatazwa kuinama, kujipinda na kunyanyua kitu kizito mpaka kovu lishike nyaya zisihame, na katazo hilo huchukua wiki sita hadi nane. Msikitini nikawa nasali nimekaa kwenye kiti, jambo ambalo mgonjwa ameruhusiwa na hakuna aliyewahi kulibishia. Ijumaa moja, tumetoka kusali na watu wamejaa barazani, mjomba wako mkubwa akasema kwa sauti ya kusikika: “Shemeji, ina maana korosho zote zile tuliuza ili ukanunue kiti cha kusalia?” Watu wakacheka, wengine kwa adabu na wengine kwa raha zao. Sikumjibu. Nilikuwa nimelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu wewe ulipokuwa sekondari, lakini ningelisemaje hilo pale barazani, na nani angelithibitisha?

Mama yako ananiambia niache, kwamba kaka yake alikuwa akitania, na utani baina ya mashemeji si jambo la kuwekewa kinyongo. Pengine ni kweli. Tena nikimtazama kwa haki, yule mtu alitoa fedha za msimu mzima akiamini kwamba mgonjwa anakwenda kuponywa, kisha akamwona amerudi hawezi hata kusujudu. Hasira ya namna hiyo ina mantiki yake. Lakini nikishasema hivyo moyo unakataa, kwa sababu mzaha wa faraghani ni utani na mzaha wa mbele ya jamaa wote ni hukumu. Nilipoanza kusujudu tena, yeye alikuwa safu ya mbele na hakugeuka. Basi, niliache hapo.

Nimelieleza hilo kwa kuwa wewe ni Mmakonde na mjomba ana sauti katika mambo yako kuliko mimi niliyekuzaa. Ataulizwa, na atasema. Msikilize kwa heshima zote, ila asije akakupimia maumivu yako, maana maumivu hayana shahidi. Kabla ya kuwekewa moja kwa moja utafanyiwa majaribio kwa siku chache, pengine wiki: nyaya zinaingizwa kwa sindano na betri inabaki nje, imefungwa kiunoni. Watakutaka uyape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Mimi niliyesahihisha madaftari ya watoto wa watu maisha yangu yote nililiona jambo la kipuuzi, lakini kipimo cha haki nilikipata papo hapo: je, nalala, nakaa kwenye mkeka, natembea mpaka sokoni? Angalia hayo, si alama peke yake.

Unangoja niseme kubali au kataa. Ulimi unawasha kusema kubali, kwa kuwa nusu niliyoipata nisingeiuza kwa korosho zote za Newala. Nauzuia. Kwa baadhi ya watu nyaya huhama, au kidonda hushika vijidudu, au nafuu hupungua miaka inavyokwenda hata kifaa kikatolewa, na mgongo utakaobeba hayo si wangu. Umri wako pia si wangu. Una betri nyingi za kubadilisha mbele yako. Lakini ungeniona ninavyopanda ngazi za msikiti… Nimesema nauzuia.

Fanya jambo moja kabla hujaweka saini. Muulize huyo daktari ni nani atakayekirekebisha kifaa hicho mkisharudi nyumbani, yuko mji gani na anapatikana kwa njia gani, kwa sababu nguvu ya umeme huhitaji kupangwa upya mara kwa mara na rimoti ya mgonjwa haifanyi yote. Akikujibu, niandikie alivyosema, neno kwa neno.

Mama yako anakusalimu. Wasalimie wajukuu.

Baba yako