Kizuizi cha muda kilichodumu tangu 1992

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na binamu yangu tunaishi Miami na tumepata kiwanja Big Pine Key, katika visiwa vya Florida Keys. Muuzaji anasema kwamba vibali vya ujenzi vimebanwa kwa muda tu kwa sababu ya vimbunga, na kwamba kizuizi kikiondolewa bei itapanda maradufu. Je, tununue? Na serikali inapata wapi haki ya kumzuia mtu kujenga katika ardhi yake?
Msomaji, Miami

JIBU: Dada yetu, neno la kulipima kwanza ni hilo “muda”. Utaratibu wa kutoa vibali kwa mgawo katika Kaunti ya Monroe, ambamo visiwa hivyo vimo, unaojulikana kwa kifupi kama ROGO, ulianza 1992, na muuzaji anayeuita wa muda ana matumaini makubwa kuliko sisi.

Chanzo chake ni barabara. Visiwa hivyo vinategemea barabara kuu moja, US 1, yenye madaraja 42, likiwamo moja la karibu kilomita 11, na kwa miaka mingi sheria ya jimbo imetaka wakazi wa kudumu waweze kuhamishwa kwa takriban saa 24 kimbunga kikikaribia. Nyumba mpya, hata ikijengwa imara namna gani, huongeza gari moja au mawili katika foleni ileile, na ndiyo maana wapangaji wa kaunti huhesabu nyumba. Kimbunga Irma, kilichotua Cudjoe Key tarehe 10 Septemba 2017 kikiwa cha daraja la nne, kilipiga jirani kabisa na hapo mnapotaka kununua.

Kwa miaka 10 kuanzia 2013, maeneo ya kaunti yaliyo nje ya miji yalipangiwa vibali 197 kwa mwaka, 71 kati yake vikiwa vya nyumba za bei nafuu. Waombaji hushindanishwa kwa alama: kiwanja chenye msitu wa asili huwekwa nyuma, na anayeunganisha viwanja viwili ili ajenge nyumba moja huongezewa alama. Aliyesubiri miaka minne bila kupata anaweza kuomba nafuu maalumu, ambayo si lazima iwe kibali; kaunti inaweza pia kujitolea kukinunua kiwanja chake.

Kuhusu haki, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2002, katika kesi ya Ziwa Tahoe, kwamba kusimamisha ujenzi kwa miezi 32 hakuhesabiki moja kwa moja kuwa ni kumnyang’anya mtu mali inayostahili fidia, bali kila shauri litazamwe kwa mazingira yake. Sheria ya Florida ya 2025, ambayo huenda muuzaji ameisikia juujuu, inazizuia serikali za mitaa zilizoguswa na vimbunga vya 2024 kuweka masharti mapya makali zaidi hadi Oktoba 2027. Inahusu masharti mapya. ROGO ni ya zamani.

Nendeni ofisi ya mipango ya kaunti na namba ya kiwanja, mwulize kiko katika daraja gani la uhifadhi na kama kina mgawo wa kibali. Kisha mwambieni muuzaji aandike katika mkataba kwamba malipo yatakamilishwa kibali kitakapopatikana. Akikataa, atakuwa amekwisha kuwajibu kuhusu huo “muda” wake.