Nani ameosha ubongo wa vijana?

Mwalimu mmoja anayefundisha sayansi na Kiswahili katika sekondari msingi viungani mwa Kisumu ameniletea sentensi aliyoikuta katika insha ya mwanafunzi wake: "Wanasiasa wameosha ubongo ya vijana wetu." Anauliza mambo mawili. Kwanza, asahihishe kwa kuandika "ubongo wa vijana", "bongo za vijana" au "mabongo ya vijana"? Pili, anapofundisha sehemu za ubongo na kazi zake, azitaje kwa majina gani, ilhali vitabu alivyo navyo vinampa majina ya Kilatini yaliyovishwa irabu mwishoni?

Swali la kwanza ni jepesi. "Ubongo ya" ni kosa, hata kama kutoka stendi ya Nakuru hadi mpakani Busia hutasikia jingine. Tunasema ubongo wangu, ubongo wa vijana. Na zikiwa nyingi zimepangwa mezani maabara, ni bongo hizi. Anayependa "mabongo" aanze na umoja wake, bongo hili, neno ambalo lipo na lina heshima yake, mradi asichanganye mawili hayo katika sentensi moja. Asili yake ni ya Kibantu. Waganda, jirani zetu, husema obwongo. Kwa sarufi hayo yanatosha.

Kilichonikera si ngeli, ni kitenzi. Huu msemo wa kuosha ubongo nimeuvumilia katika hotuba za mazishi, katika mijadala ya redio na katika mikutano ya kampeni kuanzia Kakamega hadi Homa Bay, na sasa umeingia katika madaftari ya watoto. Wachina ndio waliosema "osha ubongo", mwanahabari wa Marekani Edward Hunter akaueneza msemo huo kwa Kiingereza mwaka 1950, nasi tukaupokea kwa mkono wa tatu bila kuuliza kama nyumbani tulikuwa na neno letu. Tulikuwa nalo, nalo ni kasumba. Kasumba ni afyuni, na mtu aliyetiwa kasumba ni yule aliyelevywa kwa mawazo ya mwenzake hata akayadhania kuwa yake mwenyewe. Zaidi ya hilo tuna kuhadaa, kughilibu, kupumbaza na kurubuni, kila kimoja na kazi yake: anayerubuniwa ameonyeshwa kitu cha kutamani, anayepumbazwa ameachwa ameduwaa, na anayehadaiwa ameambiwa uongo ulionyooka. Mwenye vitenzi vyote hivyo kisha akaenda kuazima cha kufulia anastahili kuulizwa maswali.

Nami nauliza. Wanasiasa hao wameosha sehemu gani ya ubongo? Mwalimu wa sayansi atanisaidia, maana ubongo si kitambaa kimoja cha kuchovywa katika karai. Tuseme wameosha upande wa mbele, ule ulio nyuma ya paji la uso. Hapo ndipo mtu anapopangia mambo yake na kujizuia asitende kila linalomjia. Na kwa watu wengi, upande wa kushoto wa eneo hilo ndio unaounda matamshi. Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Mgonjwa alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake na kukuta umeharibika upande wa mbele kushoto. Kijana aliyeoshwa hapo angewezaje kuimba jina la mgombea kutwa nzima bila kukosea hata herufi?

Labda wameosha pembeni, usawa wa panja, ambako sauti hupokewa na maneno hueleweka, na ambako ndani yake mna hipokampasi, kiungo cha kutunga kumbukumbu mpya. Henry Molaison, Mmarekani, alikatwa sehemu hiyo pande zote mbili mwaka 1953 ili kutuliza kifafa, na tangu hapo hadi kifo chake mwaka 2008 hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za mambo yaliyompata. Hata watu waliomhudumia kwa miaka mingi alikutana nao kila mara kana kwamba ni wageni. Mwanasiasa atakayeosha hapo atasahauliwa kabla hajashuka juu ya gari lake. Akiosha kisogoni, vijana watakosa kuona karatasi ya kura, kwa kuwa yanayoingia machoni husomwa huko nyuma. Akiosha utosini, watashindwa kuhisi sawasawa kalamu waliyoishika. Akiosha serebelamu, iliyo chini kule nyuma, wataondokewa na ulinganifu wa mwendo, na foleni ya kituoni itayumba kama ya walevi. Na akiosha shina la ubongo, ambako pumzi na mapigo ya moyo huongozwa bila sisi kuombwa ruhusa, atakuwa ameua, na maiti hawapigi kura, au tuseme hawapaswi kupiga. Ipo pia amigdala, sehemu ndogo yenye umbo la lozi ambayo hushughulika sana na hofu. Hiyo wanasiasa wetu hawaioshi hata kidogo, wanailisha.

Isitoshe, kazi ya kuosha ina mwenyewe tayari. Ubongo unaelea katika ugiligili safi, takriban mililita 150 kwa mtu mzima, na mwili hutengeneza kama nusu lita kila siku, kwa hiyo maji hayo hubadilishwa mara tatu au zaidi kabla jua halijachwa tena. Kila mmoja wetu ameoshwa ubongo tangu asubuhi, na tunashukuru.

Kosa la msingi ni kuupa ubongo kazi ya akili. Ubongo ni nyama, kilo moja na robo tatu hivi ukiwa mkubwa wa ajabu, kilo moja na theluthi hivi kwa kawaida, na humeza takriban asilimia 20 ya oksijeni inayotumiwa na mwili mzima. Akili, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kinachotendeka humo. Ndiyo maana twasema akili ni mali, wala hakuna mhenga aliyesema ubongo ni mali, isipokuwa labda mchinjaji. Nitaulizwa: na chemsha bongo je? Hiyo naiacha. Imekaa miaka mingi, ina ucheshi wake, na imezaliwa humu humu ndani. Mwanafunzi basi akatwe alama ya "ubongo ya", na palipo na "wameosha" mwalimu aandike pembeni "wamewatia vijana kasumba" bila kumkata kitu, kwa sababu mtoto ameokota msemo huo kwa watu wazima wanaolipwa ili waseme.

Majina ya sehemu, nimekwisha kuyatumia bila kutangaza. Waliotunga yale ya Kilatini hawakufanya miujiza. Pande nne za ubongo waliziita kwa mifupa ya fuvu inayozifunika. Nasi tunayo paji, utosi, panja na kisogo, maneno ambayo bibi yeyote anayemsuka mjukuu wake anayajua. Mwalimu aseme ubongo wa paji, ubongo wa utosi, ubongo wa panja na ubongo wa kisogo, na mwanafunzi ataweka kidole pale pale bila mchoro. Shina la ubongo linaeleweka vilevile. Hipokampasi na amigdala zibaki zilivyo, kwa kuwa zimejificha ndani na hatuna kiungo cha nje cha kuzifungamanisha nacho. Serebelamu nayo ibaki. Najua wapo wanaoiita ubongo mdogo, tena jina hilo halina kosa, maana ndogo ni ndogo, ingawa imebeba zaidi ya nusu ya seli zote za neva za ubongo. Lakini mwalimu akilitamka mbele ya darasa la watoto wa miaka 13, kipindi kizima kitaishia katika kumtafuta mwenye nao.