Picha ndogo ya mtoto juu ya pembe ya ndovu: usinunue jina

Mkuu, umeuliza kama uichukue ile picha ndogo ya mtoto, iliyochorwa juu ya kipande chembamba cha pembe ya ndovu, uliyoikuta kwenye duka la vitu vya kale huko Boston, ambayo muuzaji anasema ni ya binti na imechorwa na Richard Cosway, Mwingereza aliyesifika kwa picha ndogo kama hizi. Mimi nakusanya picha hizi huu mwaka wa kumi na nimeshaingizwa mjini mara mbili, kwa hiyo nisikilize.

Umesema fremu ni nyeupe, ya vipande vilivyounganishwa. Hapo ndipo nilipopigwa mimi. Hivyo ni vibao vya piano, vile vipande vya pembe vya kubonyeza kwa vidole. Mafundi wa miaka ya 1900 hivi walivibandua, wakaundia fremu, ndani wakaweka nakala na sahihi ya bwana mkubwa. Cosway alifariki 1821, na alizoea kuandika jina nyuma, si mbele. Kinachonichekesha ni kwamba pembe hiyo huenda ilipitia kwetu Unguja: viwanda vya Ivoryton na Deep River, Connecticut, vilikata pembe za Zanzibar kwa ajili ya piano.

Kuhusu "binti", gauni si ushahidi. Wavulana nao walivishwa gauni hadi miaka minne, mitano. Katika picha za Marekani za miaka ya 1830 na 1840, nywele zikigawanywa katikati mara nyingi ni msichana, pembeni ni mvulana. Ameshika mjeledi? Mvulana. Ushanga mwekundu hauamui kitu. Ni marijani, waliwavisha wote kama kinga, sawa na hirizi zetu.

Ukitaka watoto waliochorwa kwa moyo, tafuta kazi za Clarissa Peters Russell wa hapo hapo Boston (1809–1854). Watoto wake wana macho makubwa, wanakukodolea wewe. Hakuwa na mazoea ya kutia sahihi, na kazi zake nyingi watu walimpa sifa mumewe Moses, naye mchoraji. Hakuna jina la kukutia kiwewe, unabaki kutazama mkono wa mchoraji tu.

Ukiipata, usiisafishe! Yangu ya kwanza ilikuwa ya mtoto wa miaka kama mitatu, kioo kimeingia ukungu. Nikafungua, nikapitisha pamba yenye mate, kama bibi anavyomfuta mjukuu. Shavu lote likaja na pamba. Ikabaki pembe tupu na vimistari vyake kama nywele. Ile ni rangi ya maji na gundi, na pembe hainywi maji, rangi imekaa juu juu tu.

Kesho rudi dukani na kioo cha kukuzia. Vidoti vilivyopangika sawasawa ni chapa ya mashine. Mkono wa mtu huacha vimistari vifupi vya brashi, vingine vizito vingine hafifu, hasa kivulini chini ya kidevu. Omba akufungulie nyuma pia, wengine waliweka kishungi cha nywele za mtoto mle. Akikataa, muage.

Na usiitie kwenye begi la kurudi Dar bila kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Hata ikiwa ya 1830, forodhani pembe ni pembe.