Uyoga wa kijani uliogeuka manjano

SWALI: Shikamoo Babu. Huku Pennsylvania, msituni nyuma ya nyumba, nimeona kiuyoga cha kijani kama embe bichi. Nikakichuma, kikaniponyoka: kinateleza kama bamia! Ijumaa nimerudi, wenzake wamekuwa manjano. Ni aina mbili? – Mama Watatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni mmoja tu huo, Gliophorus psittacinus, jina la Kilatini linalotokana na kasuku. Huchipua wa kijani, ukikua unapauka. Chungulia juu ya shina, pale linapokutana na kofia: kijani hukawia hapo. Visugue vidoleni vile vibamba vya chini ya kofia, utahisi nta ya mshumaa. Kupika? Achana nao. Kofia sentimita 1 hadi 4, tena ute mtupu, nani atashiba?